Nguruwe walivyoisahihisha saa ya mawe

Ukisoma gazetini kwamba fuvu fulani "lina miaka milioni 2", huwa unauliza nini? Wengi wetu hatuulizi kitu. Tunaipokea ile namba kama tunavyopokea bei ya mafuta: imeshaandikwa pale, basi. Lakini mfupa hauzaliwi na cheti. Kuna mtu alikaa mahali, akapima kitu, akapiga hesabu, akaandika jibu. Na mtu huyo anaweza kukosea kwa miaka laki saba, akiwa na mashine ya kisasa kuliko zote, na akiwa si mzembe hata kidogo.

Leo nataka nikusimulie kisa cha namna hiyo. Kilitokea hapa kwetu Afrika Mashariki, mashariki mwa Ziwa Turkana nchini Kenya, na kilichukua zaidi ya miaka 10 kumalizika. Ndani yake kuna gesi mvivu, majivu ya volkano, fuvu moja maarufu, na nguruwe. Nguruwe ndio waliokuwa wa kwanza kusema ukweli.

Gesi mvivu

Tuanze na saa yenyewe, maana bila kuielewa, ugomvi wote utaonekana kama kelele za watu wa maabara.

Potasiamu unaijua. Ipo kwenye ndizi, ipo kwenye mbolea (ile K ya NPK ndiyo yenyewe), na ipo kwenye madini mengi yanayojenga mawe. Sasa, atomu zake hazifanani zote. Karibu atomu 1 katika kila 8,500 ni potasiamu-40, na hii haijatulia. Polepole inageuka kuwa kitu kingine. Kati ya atomu 100 zinazogeuka, takriban 89 zinakuwa kalisi, na 11 zinakuwa agoni-40. Kasi ya kugeuka inajulikana: ikipita miaka bilioni 1.25, nusu ya potasiamu-40 iliyokuwepo inakuwa imekwisha. Mvua inyeshe, jua liwake, kasi ni ileile.

Agoni ni gesi. Iligunduliwa mwaka 1894 huko Uingereza na Lord Rayleigh pamoja na William Ramsay, na jina lake limetokana na neno la Kigiriki lenye maana ya mvivu, kwa sababu haipendi kushikana na elementi nyingine. Uvivu huo ndio faida yetu. Jiwe likiwa limeyeyuka ndani ya volkano, agoni haina cha kuishikilia, inatoroka kama gesi ya soda chupa ikifunguliwa. Volkano ikishalipuka na jivu likapoa, fuwele za madini zimeshaganda na mlango umefungwa. Kuanzia hapo, kila atomu ya agoni-40 inayozaliwa ndani ya fuwele inabaki imefungiwa humohumo. Pima potasiamu iliyopo, pima agoni iliyojikusanya, piga hesabu, na utapata muda uliopita tangu mlango ufungwe.

Hapo zingatia mambo mawili.

La kwanza: saa hii haipimi umri wa mfupa. Inapima umri wa jivu. Mfupa uliolala chini ya tabaka la jivu ni wa zamani kuliko jivu hilo, na uliolala juu yake ni wa baadaye. Kwa hiyo ukikosea jivu, umekosea kila kitu kilichozikwa karibu nalo.

La pili: kinachopimwa ni kidogo mno. Kwenye fuwele yenye miaka milioni 2, katika kila atomu 10,000 za potasiamu-40, ni kama moja tu iliyokwisha kuwa agoni. Wakati huohuo, hewa tunayovuta ina agoni karibu asilimia 1. Yaani unatafuta tone la maji ukiwa umesimama kwenye mvua! Bahati nzuri, agoni ya hewa ina alama yake: kwa kila atomu 1 ya agoni-36 kuna takriban atomu 300 za agoni-40. Ukiiona agoni-36 kwenye sampuli, unajua hewa imeingia kiasi gani, na unaiondoa kwenye hesabu.

Saa inapata jina, Olduvai

Tarehe 17 Julai 1959, kwenye bonde la Olduvai kaskazini mwa Tanzania, Mary Leakey aliona mfupa ukichungulia ardhini. Mumewe Louis alikuwa kambini siku hiyo, anaumwa. Mfupa ule ukawa fuvu la Zinjanthropus, ambalo leo lipo kwenye Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam.

Lina umri gani? Louis alikisia miaka 600,000, na kwa wakati ule hilo lilikuwa dai kubwa. Halafu majivu ya Olduvai yakapelekwa Berkeley, California, kwa Jack Evernden na Garniss Curtis, waliokuwa wakitumia njia hii mpya ya potasiamu na agoni. Mwaka 1961 wakatangaza jibu pamoja na Leakey: miaka milioni 1.75. Karibu mara tatu ya makisio!

Wapo waliopinga, lakini namba ilisimama. Vipimo vya kisasa vimeisogeza kidogo tu, hadi karibu milioni 1.84. Kwa kazi hiyo moja, saa ya agoni ilijijengea jina. Na mtu akishajenga jina, watu huacha kumuuliza maswali. Hapo ndipo shida inapoanza.

Majivu ya KBS

Mwaka 1968 Richard Leakey, mtoto wa Louis na Mary, alianza kufanya utafiti mashariki mwa ziwa lililoitwa Rudolf wakati huo, ambalo tangu 1975 tunaliita Turkana. Mahali penyewe ni Koobi Fora. Mwaka 1969 mwanajiolojia kijana, Kay Behrensmeyer, alikuta zana za mawe kwenye tabaka la majivu ya volkano. Sehemu ile ikapewa jina lake kwa herufi za mwanzo: KBS.

Sampuli za majivu zikapelekwa Uingereza kwa Frank Fitch na Jack Miller. Hawa walikuwa na njia mpya zaidi ya ile ya Berkeley. Njia ya zamani ilikulazimu kupima potasiamu kwenye kipande kimoja na agoni kwenye kipande kingine, kisha uombe Mungu vipande hivyo viwe sawa. Njia mpya inaiweka sampuli kwenye kinu cha nyuklia, nyutroni zinaigonga, na sehemu ya potasiamu inageuka kuwa agoni-39. Sasa unahitaji kupima gesi moja tu, kutoka kipande kimoja: agoni-39 inakwambia potasiamu ni kiasi gani, agoni-40 inakwambia muda. Tena unaweza kupasha moto hatua kwa hatua na kuona kama kila hatua inatoa jibu lilelile.

Jibu la kwanza la KBS lilikuwaje? Takriban miaka milioni 221.

Hapana, hujasoma vibaya. Milioni mia mbili na ishirini na moja, enzi za mwanzo za dainosaria. Kila mtu alijua haiwezekani. Fitch na Miller walitambua kwamba sampuli ilikuwa na agoni ya zamani isiyo yake, wakaomba sampuli nyingine, wakachagua fuwele kwa uangalifu zaidi, wakapima tena. Safari hii wakapata milioni 2.61. Wakachapisha mwaka 1970.

Sasa tulia hapa kidogo, ujiulize kwa uaminifu: ungekuwa wewe, ungefanyaje? Jibu la kwanza ni la ajabu, unalitupa. La pili linaonekana la maana, unalishika. Lakini "linaonekana la maana" kwa kipimo gani? Tatizo lililozaa milioni 221 lilikuwa limepungua. Nani alijua kama limekwisha?

Fuvu namba 1470

Mwaka 1972 Bernard Ngeneo, mmoja wa watafutaji wa visukuku katika kikosi cha Leakey, aliona vipande vya mfupa kwenye mteremko huko Koobi Fora. Vilikuwa vingi na vidogo. Vilipounganishwa, kazi iliyochukua wiki kadhaa, likatokea fuvu lenye nafasi ya ubongo zaidi ya sentimita za ujazo 700. Lilisajiliwa kama KNM-ER 1470. Ubongo ule ulikuwa mkubwa kwa kiumbe wa kale namna ile, na fuvu lilitoka chini ya majivu ya KBS.

Piga hesabu mwenyewe. Kama KBS ina miaka milioni 2.6, basi fuvu lililo chini yake ni la zamani zaidi. Mwaka 1973 Richard Leakey alilitangaza kuwa na miaka karibu milioni 2.9.

Kwa nini ilikuwa habari kubwa? Kwa sababu namba hiyo ilitaka kupanga upya ukoo wetu. Mtu mwenye ubongo mkubwa kiasi kile, zamani kiasi kile, angewafanya wale viumbe wenye ubongo mdogo waliojulikana wawe binamu tu, si mababu. Louis Leakey kwa miaka mingi aliamini kwamba jenasi yetu, Homo, ni ya kale mno. Alionyeshwa fuvu lile muda mfupi kabla ya kufariki, Oktoba 1972. Hebu fikiria: mtoto anamletea baba yake ushahidi wa jambo alilolipigania maisha yake yote.

Sisemi kwamba kuna mtu alidanganya. Hakuna. Nasema tu kwamba namba inayopendwa haikaguliwi kwa ukali kama namba inayochukiwa. Milioni 221 ilikaguliwa siku hiyohiyo.

Nguruwe wanaingia

Kaskazini mwa ziwa hilohilo, upande wa Ethiopia, kuna bonde la mto Omo. Kule kuna matabaka mengi ya majivu, moja juu ya jingine, na mengi yalikuwa yamepimwa umri. Katikati ya matabaka hayo kuna visukuku vya wanyama tele, wakiwemo nguruwe pori.

Nguruwe ni shahidi mzuri, na sababu yake ni meno. Walibadilika haraka, walikuwa wengi, na meno hayaozi kirahisi. Katika baadhi ya koo za nguruwe, jino la mwisho la nyuma lilizidi kurefuka kizazi hadi kizazi. Ukiwa na mfululizo wa Omo, unaweza kuchukua jino, kupima urefu wake, na kusema limetoka kwenye kipindi gani. Ni kama kutazama picha ya mtaani na kukisia mwaka kwa kuangalia magari.

Mtaalamu wa visukuku Basil Cooke alipolinganisha nguruwe wa chini ya KBS na wale wa Omo, hawakufanana na nguruwe wa Omo wa zaidi ya milioni 2.6. Walifanana na wale wa karibu milioni 2. Baadaye Tim White na John Harris walizichambua upya koo za nguruwe wa Afrika, wakachapisha mwaka 1977, na jibu lao likaelemea upande uleule: majivu ya KBS ni machanga kuliko yanavyodaiwa.

Unaweza kudhani hapo mambo yaliisha. Wapi! Watetezi wa namba kubwa walikuwa na hoja: pengine mazingira ya Koobi Fora na Omo yalitofautiana, na nguruwe wake hawakubadilika kwa pamoja. Na kwa watu wengi, kati ya mashine ya fizikia na jino la nguruwe, nani angeaminiwa? Mashine inatoa namba yenye desimali. Jino linatoa "linafanana na".

Maabara dhidi ya maabara

Mwaka 1975 Garniss Curtis na wenzake wa Berkeley walipima KBS kwa njia ya zamani ya potasiamu na agoni. Wakapata majibu mawili kutoka sehemu tofauti: milioni 1.82 na milioni 1.60. Kwa hiyo wao nao hawakuwa na jibu moja. Mwaka uliofuata Fitch na Miller wakarekebisha namba yao kidogo tu, ikawa 2.42.

Halafu ikaja njia ya tatu kabisa, isiyohusiana na agoni. Madini ya zirkoni huwa na urani. Atomu ya urani ikipasuka yenyewe ndani ya fuwele, inaacha mchirizi mdogo unaoonekana kwa darubini baada ya kutiwa kemikali kali. Hesabu michirizi, utajua umri. Mwaka 1976 timu iliyotumia njia hiyo ilipata milioni 2.44. Namba mbili, njia mbili tofauti, jibu karibu moja! Ungekuwa mwandishi wa habari mwaka ule, ungeandika kwamba ugomvi umekwisha na nguruwe wameshindwa.

Kumbe bado. Andrew Gleadow, aliyekuwa mmoja wa timu hiyo, alirudia kazi kwa uangalifu zaidi. Mwaka 1980 akachapisha jibu jipya: milioni 1.87. Nakuomba ulione hilo kwa uzito wake. Mtu aliyeshiriki kutoa namba ya kwanza ndiye aliyeisahihisha hadharani.

Mwaka huohuo Berkeley nao wakapima upya, wakaiacha ile 1.60 na kubaki na karibu milioni 1.8. Huku nyuma, mwaka 1979, kemia ya majivu ilikuwa imeonyesha kwamba KBS ni tabaka lilelile linalojulikana kule Omo kwa jina jingine. Mlipuko mmoja, majivu yaleyale, sehemu mbili. Kwa hiyo ile hoja ya mazingira tofauti ikakosa mguu wa kusimamia.

Aliyefunga mjadala ni Ian McDougall wa Canberra, Australia. Alitumia fuwele zilizotolewa ndani ya mawe mepesi yenye vitundu, kama yale ya kusugulia visigino, yaliyokuwa ndani ya jivu. Alipima kwa njia zote mbili za agoni, ya zamani na ya kisasa. Mwaka 1980 akapata milioni 1.89, mwaka 1981, kwa njia ya kinu cha nyuklia, akapata 1.88. Njia ileile iliyotoa 2.61 sasa ilitoa 1.88. Saa haikuwa mbovu. Tofauti ilikuwa kwenye kilichowekwa ndani ya saa, na namna kilivyosafishwa na kupimwa.

Bibi kwenye darasa la chekechea

Kwa nini usafi wa sampuli una uzito hivyo? Chukua darasa la chekechea lenye watoto 20, kila mmoja ana miaka 5. Wastani wa umri ni 5. Sasa bibi wa miaka 90 amekuja kumchukua mjukuu, ukamhesabu naye. Wastani unaruka hadi miaka 9. Hakuna hata mtoto mmoja mwenye miaka 9 mle ndani, lakini hesabu yako haina kosa.

Majivu ya KBS hayakutua pale moja kwa moja kutoka angani. Yalisombwa na mito kutoka nyanda za juu upande wa Ethiopia, na mto haubagui: unabeba jivu jipya pamoja na mchanga wa mawe ya kale sana. Tuseme punje 997 zina miaka milioni 1.9, na punje 3 tu zina milioni 220. Zote zina potasiamu sawa, unaziyeyusha pamoja. Wastani wake unakaribia milioni 2.6. Punje 3 katika 1,000! Hesabu hii ni ya mfano tu, lakini inakuonyesha jinsi mabibi wachache wanavyoweza kulizeesha darasa zima. Ndiyo maana McDougall alitaka fuwele kutoka ndani ya mawe yale mepesi: hayo yalitoka kwenye mlipuko wenyewe, na mchanga wa mtoni haungeweza kuingia kirahisi kwenye fuwele zake.

Siku hizi maabara zinatumia leza kuyeyusha fuwele moja moja. Yaani kila mtu darasani anaulizwa umri wake peke yake, na bibi anajulikana mara moja.

Je, njia hiyo inaaminika? Watafiti walioongozwa na Paul Renne waliipima kwa mlipuko ambao tarehe yake imeandikwa: Vesuvius, Italia, mwaka 79. Mwaka 1997 walichapisha jibu lao: miaka 1,925, yenye shaka ya miaka 94 kupanda au kushuka. Jibu sahihi lilikuwa 1,918. Kwa saa inayohesabu nusu yake kwa bilioni, hiyo si haba.

Maswali matatu ya kubeba

Fuvu 1470 bado ni fuvu kubwa katika historia yetu. Leo linapewa miaka karibu milioni 2, na kwa umri huo linakaa vizuri zaidi kwenye ukoo, bila kumfukuza mtu. Richard Leakey naye alikuja kuikubali namba ndogo.

Kwa hiyo safari nyingine ukikutana na "miaka milioni" kadhaa kwenye habari, usiikatae, lakini iulize maswali matatu. Kilichopimwa ni nini hasa: mfupa, au jivu lililo karibu nao? Sampuli ilisafishwaje, na nani alihakikisha hakuna bibi ndani? Na je, kuna shahidi mwingine asiyetumia saa ileile, mwenye jibu linalokubaliana?

Swali la tatu ndilo lililoamua kisa hiki. Saa ya agoni ilikuja kusema kweli, lakini ilihitaji mtu wa kuiambia kwamba imepotea, na aliyeanza kuiambia alikuwa ameshika jino la nguruwe.